Kupanda Sipi kwa baiskeli na kurudi Mbale kabla ya giza

Lami ya kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenda kwenye maporomoko ya Sipi ina tabia mbili. Unatoka mjini kwa barabara ya Kumi, unakata kulia kushika barabara ya Moroto, na kwa kilomita 30 na ushee unakwenda kaskazini kwenye nchi iliyo karibu tambarare, Mlima Elgon ukikusindikiza mkono wa kulia. Ukishaupita mji wa Sironko unafika njia panda ya Kapchorwa. Hapo barabara inakata tena kulia, inauelekea mlima wenyewe, na kupanda kunaanza. Mbale iko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, Sipi kama mita 1,775, na karibu tofauti yote hiyo imerundikwa kwenye kilomita 15 hivi za mwisho. Kwenda na kurudi ni safari ya karibu kilomita 100.

Kwa marafiki watano hadi wanane wanaopanda baiskeli mara moja au mbili kwa wiki, hiyo ni siku ngumu lakini inawezekana, na ina raha yake. Wengi wanaoonekana wakisukuma baiskeli kwenye kona za juu nguvu zao zilibaki Sironko, waliposhindana nani ana miguu. Karibu kila shauri hapa chini linarudi kwenye jambo hilo moja: kufika njia panda ukiwa bado mzima.

Hesabu meno kabla ya kuhesabu kilomita

Pindua baiskeli, hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, kisha ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa tairi (mita 2.1 hivi kwa baiskeli nyingi), na utapata mita unazosogea kila pedali inapozunguka mara moja.

Baiskeli ya milimani yenye meno 22 mbele na 32 nyuma inasogea kama mita 1.4. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5 kwa saa: polepole, lakini magoti hayalii. Baiskeli ya mbio yenye 34 mbele na 28 nyuma inasogea mita 2.55, yaani kilomita 9 kwa saa kwa mizunguko ile ile. Mwenye mazoezi ataiweza, asiye na mazoezi atajuta kwenye kona ya pili. Ile baiskeli nyeusi ya mizigo isiyo na gia, yenye meno 44 na 18, inasogea zaidi ya mita 5. Kuipandisha Sipi umekaa kitini ungelazimika kwenda karibu kilomita 20 kwa saa, ama kuikanyaga kwa uzito wote wa mwili, pedali moja baada ya nyingine, na hivyo ndivyo magoti yanavyoharibika. Mwenye baiskeli hiyo apange mapema kusukuma vipande vya juu, au aazime nyingine. Kanuni nzuri kwa kundi: kila mtu awe na gia inayosogea mita 2.2 au pungufu.

Ukikuta umezidi kidogo, fundi anaweza kukubadilishia friwili, lile fungu la gia za nyuma. Kutoka meno 28 hadi 34 unajipunguzia uzito wa pedali kwa karibu moja ya tano. Ila muulize mambo mawili. Je, ule mkono unaohamisha cheni nyuma ni mrefu wa kutosha kuizunguka gia hiyo bila kuigusa? Na je, cheni yenyewe inatosha? Cheni fupi ikiwekwa gia kubwa mbele na kubwa nyuma inakaza mpaka inang'oa mkono huo, na safari inaishia hapo.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu baiskeli nyingi mlimani. Kwenye mkono huo wa nyuma kuna skrubu mbili ndogo zilizoandikwa H na L. L ndiyo inayoizuia cheni isipite gia kubwa na kuangukia kwenye spoki. Ikiwa imelegea, nyumbani huwezi kujua, kwa sababu unabadilisha gia kwenye tambarare bila nguvu. Mlimani, unapoitafuta gia ya mwisho huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni inaruka, inajibana kati ya gia na spoki, na gurudumu linakwama. Jaribu siku mbili kabla: nyanyua gurudumu la nyuma, weka gia kubwa kabisa, zungusha pedali kwa mkono huku ukiusukuma mkono wa gia kwa kidole kuelekea spoki. Cheni ikitaka kutoka, kaza L robo mzunguko, ujaribu tena.

Breki na mfuko wa vifaa

Breki utakazozihitaji mchana zikaguliwe jana yake, si asubuhi ya safari. Bana breki ya mbele na usukume baiskeli: gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Ukibana mpaka mwisho, kati ya breki na usukani vibaki vidole viwili. Raba za breki ambazo mifereji yake imefutika zibadilishwe. Za diski, nyama ikibaki chini ya milimita 1, zitupe. Waya uliochanika hata uzi mmoja pale unapoingilia kwenye breki usiuonee huruma, kwa sababu hukatika wote siku unapoubana kwa nguvu kuliko siku zote.

Tyubu yenye viraka vingi iweke nyuma, nzima iweke mbele. Sababu utaiona kwenye kushuka.

Kila mtu abebe tyubu moja ya saizi yake na vijiti viwili vya kufungulia tairi. Vingine ni vya kundi: pampu mbili zinazofaa valvu nene kama ya gari na valvu nyembamba, viraka na gundi na msasa, funguo za L za milimita 4, 5 na 6, spana namba 15 kwa magurudumu ya nati, kifaa cha kukatia cheni na viungo vya akiba, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia. Ongeza kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 10. Tairi likipasuka ubavuni, tyubu mpya peke yake itachomoza kwenye ule mpasuko na kulipuka; kipande hicho kikikaa katikati ya tyubu na tairi, unafika nyumbani.

Vifaa vyote vya kundi akabidhiwe yule atakayekuwa mkia, yaani wa mwisho kabisa. Akipewa mwenye kasi, pancha ikitokea nyuma yeye atakuwa ameshafika Sipi anakunywa soda. Wengine wasijaze mabegi bure: kwa mtu na baiskeli wenye kilo 85, kila kilo ya ziada inaongeza kama dakika moja na nusu kwenye mlima wa saa mbili.

Nguo hazina maneno mengi: kaptula isiyo na mshono mnene kati, kofia ngumu, glavu, shati la rangi inayoonekana, na koti jepesi la upepo. Koti litaonekana mzaha Mbale.

Mafuta ya mwili

Anza kunywa kabla ya kiu, na mle kila dakika 40 hivi tangu Mbale. Bogoya (ndizi mbivu) moja, mandazi mawili, au nusu chupa ya soda kila mara inatosha. Kwenye chupa moja ya maji tia sukari na chumvi: kwa lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyo na kichuguu na nusu kijiko cha chumvi. Kipimo cha chumvi kisizidi; ikizidi utatapika. Kabla ya njia panda kila mmoja awe na chupa mbili zilizojaa, karibu lita 1.5, maana jua la huku linapiga bila simile.

Roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, ni chakula kizuri sana, na mahali pake ni Sipi. Anayekula ya mayai matatu Sironko na kuanza kupanda hapo hapo ataionja tena kwenye kona ya tatu. Mafuta na mayai vinakaa tumboni muda mrefu, na damu inayotakiwa miguuni inagombaniwa na tumbo.

Saa na msimu

Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi upande huu wa Elgon. Miezi mingine nenda, lakini jua kwamba mvua hupenda kuja mchana, hivyo ratiba yote isukumwe asubuhi. Ondokeni Mbale saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa mtakuwa njia panda kama saa mbili na dakika ishirini. Pumzikeni dakika 20. Kupanda ni saa mbili hadi mbili na nusu, kwa hiyo Sipi ni kati ya saa tano kasorobo na saa tano na robo. Kuleni, tazameni maporomoko, na saa saba mgeuze. Mwisho kabisa wa kugeuza ni saa nane, hata kama kuna ambao bado hawajafika juu. Hao wapigiwe simu wasubiri walipo, na kundi litawapitia likishuka.

Jumapili malori hupungua. Na kama mwaka ni wa namba shufwa, kuanzia Agosti ni msimu wa imbalu: barabara za huku Bugisu hujaa vikundi vya ngoma ya kadodi vinavyocheza na kuwasindikiza vijana wanaokwenda kutahiriwa. Mkikutana nao, shukeni, sukumeni baiskeli pembeni, msalimie "Mulembe!" Usipenye katikati ya wachezaji.

Tambarare: uvivu wa makusudi

Hapa kundi likae pamoja, watu wawili wawili barabara ikiwa tupu, mstari mmoja gari likija. Aliye nyuma ya mwenzake kwa umbali wa mita moja anaokoa nguvu nyingi za kupambana na upepo, basi mwenye nguvu akae mbele muda mrefu na dhaifu asikae mbele kabisa. Mbele pabadilishwe kila dakika tano au kumi, na anayetoka ajitoe upande wa barabara ulio salama, bila kuvunja breki ghafla.

Kipimo cha kasi ni mazungumzo. Kama huwezi kumsimulia jirani yako jambo kwa sentensi nzima bila kuhema katikati, mnakwenda kasi mno. Aliye mbele apige kelele, na kila mmoja airudishe nyuma: "Shimo kushoto!" "Tuta!" "Mbuzi!" Aliye mwisho naye: "Lori nyuma!" Kwenye vituo vya biashara matuta huja bila kibao, na abiria wa taksi (basi dogo) hufungua mlango bila kuangalia.

Kupanda

Kwenye njia panda vueni makoti, jazeni chupa, na mkubaliane vituo vya kukutana: kivuli kipana kila kilomita 4 hivi, upande wa nje wa barabara, kamwe si ndani ya kona. Baada ya hapo kundi livunjike. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa upepo hauna nguvu ya kukuzuia, kwa hiyo kukaa nyuma ya mwenzako hakukusaidii kitu, na kupanda kwa mwendo wa mtu mwingine, uwe wa haraka au wa polepole kuliko wako, kunachosha kuliko mlima.

Kuna dhuluma moja ya vituo. Wa mbele wanafika, wanapumzika dakika kumi, wa mwisho anatokea anahema, nao wanasema "haya twende". Hivyo aliyechoka zaidi ndiye pekee asiyepumzika. Dakika tano zihesabiwe tangu mkia alipofika.

Kilomita ya kwanza ionekane rahisi mno. Weka gia nyepesi kabla mwinuko haujakubana, na wakati wa kubadilisha legeza mguu kwa nusu mzunguko. Cheni inayobadilishwa huku imekazwa ndiyo inayokatika. Kaa kitini, mikono ilegee, viwiko vikunjwe kidogo. Urefu wa kiti ni sahihi kama kisigino kikiwekwa kwenye pedali iliyo chini kabisa mguu unanyooka. Kiti kifupi ndicho chanzo cha maumivu mengi ya mbele ya goti. Mgongo ukikaza, ongeza gia moja nzito, simama kwenye pedali kwa mizunguko 20, kaa tena, rudisha gia.

Kupanda kwa kona-kona toka ukingo mmoja wa lami hadi mwingine kunapunguza mwinuko kweli, lakini barabara hii ina malori yanayoshuka, kwa hiyo acha. Ukisimama, kuanza tena ni kazi: bana breki zote, weka gia nyepesi, pedali moja ikiwa juu kidogo upande wa mbele, kanyaga huku ukiachia breki. Ikikataa mara mbili, sukuma mpaka mahali pa nafuu.

Wapo watakaoshika lori kwa mkono ili liwavute. Lori likifunga breki au likikata kona kushoto, mwenye baiskeli yuko kati ya matairi na ukingo. Kwenye kundi lenu iwe marufuku. Watoto nao hupenda kukimbia na kusukuma kiti kwa nyuma. Ni ukarimu, lakini hukuyumbisha, basi waombe kwa upole waachie. Na mkimbiaji akikupita usione haya. Kapchorwa, mbele kidogo ya Sipi, ndiko alikotoka Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 Paris mwaka 2024. Vijana wa huko wanapanda milima kwa miguu kwa kasi mara mbili ya yako.

Mtu akianza kutetemeka, kuona kizunguzungu au kuacha kutoa jasho, safari yake imeisha. Akae kivulini, apewe maji ya sukari na chumvi, amwagiwe maji shingoni. Asiyepata nafuu upesi apelekwe hospitali. Taksi hubeba baiskeli juu ya paa. Patana bei kabla haijapandishwa. Namba za dharura ni 999 na 112.

Juu

Sipi ina maporomoko matatu, na la chini, lenye urefu wa kama mita 100, ndilo linaloonekana kwenye picha nyingi. Beba noti ndogo ndogo kwa ajili ya kiongozi wa njia na kuvuka mashamba ya watu. Kuteremka kwa miguu mpaka chini ya poromoko na kupanda tena ni mlima wa pili wa siku, na mapaja hayo hayo ndiyo yatakayowarudisha Mbale. Tazameni kutoka juu, mle, mnywe kahawa ya huku huku mlimani. Anayetaka kuendelea hadi Kapchorwa aongeze kilomita 15 hivi kwenda tu, za kupanda na kushuka, na alale huko.

Kushuka

Nguvu yote uliyoipandisha inarudi. Kilo 85 zikishuka mita 600 zinatoa joto linalotosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba, na joto hilo lina sehemu mbili tu za kwenda: kwenye upepo unaoupasua, au kwenye breki. Mwoga anayebana breki kidogo bila kuachia kutoka Sipi mpaka njia panda analimimina karibu lote kwenye rimu. Rimu inachemka, gundi ya viraka inalainika, kiraka kinaachia, na tyubu ya mbele inaishiwa upepo katikati ya kona. Kwenye breki za diski raba zinang'aa kama kioo na kuanza kupiga filimbi bila kushika.

Achia baiskeli kwenye kipande kilichonyooka mpaka kasi unayoimudu, kisha bana zote mbili kwa nguvu kwa sekunde mbili au tatu, achia zipoe, rudia. Kasi ipunguzwe kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ndani ya kona pedali ya upande wa nje iwe chini, uzito uwe juu yake, macho yatazame kona inakoishia. Ukitazama shimo utaingia shimoni. Kaa upande wako hata kona ikikutamanisha kuikata, na uache nusu mita toka ukingo wa lami, kwa sababu changarawe hukusanyika pale, na gurudumu likidondoka nje ya ukingo, kulirudisha kwa pembe ndogo ndiko kunakoangusha watu. Kahawa iliyoanikwa kwenye turubai kando ya barabara nayo ina mwenyewe.

Acheni mita 20 kati ya mtu na mtu. Vaeni koti kabla ya kuanza, maana jasho la Sipi likipigwa na upepo linagandisha vidole, na vidole vilivyoganda havibani breki. Lami ikiwa na maji, raba za rimu hazishiki mzunguko wa kwanza au wa pili, hivyo zigusishe kidogo mapema zifute maji, ndipo ubane. Nusu ya njia simameni, nyoosheni mikono, mguse rimu kwa kidole kilicholowa. Maji yakichemka, subirini dakika kumi. Usizimwagie maji diski zenye moto, zinapinda.

Njia panda hadi Mbale ni kilomita 30 zile zile, sasa miguu ikiwa mizito na jua likiwa upande wa kulia. Kaeni mstari mmoja, wenye nguvu mbele, kilomita 15 kwa saa, bila aibu. Jioni hiyo hiyo futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikauke, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, na ufute yanayobaki nje. Vumbi la barabarani likilala usiku mzima kwenye mafuta linageuka msasa.